"Mama, kwa nini tulimlisha halafu tukamchinja?"

"Shikamoo daktari. Naishi Muheza, nina watoto watatu. Wa kwanza ni wa kiume, ana miaka tisa. Mbuzi wetu mmoja alikufa akiwa amezaa, mtoto akamlea yule mwanambuzi kwa chupa mpaka akawa beberu. Alimwita Doa kwa ile alama nyeupe ya kwenye paji la uso. Idd ya kuchinja iliyopita babu yake akasema mwaka huu tutachinja Doa. Mtoto ndiye aliyemfunga kamba akamleta uani, nadhani hakuelewa. Kisu hakikuwa kikali, babu alirudia mara tatu au nne. Doa alirusha miguu muda mrefu na mtoto amesimama palepale. Mchana akapewa pilau, akala kidogo, mdogo wake akamwambia hiyo ni nyama ya Doa. Akatapika. Toka siku hiyo nyama hali, hata maharage akishuku yamepikwa na supu ya mifupa anasukuma sahani. Mayai, maziwa na samaki anakula. Kamba ya Doa ameiweka chini ya godoro. Juzi kaniuliza: 'Mama, kwa nini tulimlisha halafu tukamchinja?' Nikakosa la kusema. Baba yake anasema hata simba anakula swala, na Idd hii atamshikisha miguu ya mbuzi ili azoee. Babu ameshatenga mbuzi mwingine. Naomba unisaidie: Doa aliumia? Tulikosea kumchinja? Na mtoto akiacha nyama hatadhoofika?"

Marahaba, mama, na poleni nyote. Nakujibu kama daktari wa mifugo ambaye kwa miaka sita kazi yake ilikuwa kukagua nyama machinjioni. Mimi si sheikh, na pale penye hukumu ya dini nitakuelekeza kwa wenyewe.

Nianze na mtoto, maana nasikia harufu ya wasiwasi kwamba ana kasoro. Hana. Ameuliza jambo ambalo wengi wetu hatujaliuliza kwa sababu nyama hutufikia ikiwa kilo moja ndani ya mfuko. Yeye ilimfikia ikiwa na jina. Hatutafuti dawa ya kumtoa swali kichwani. Anastahili jibu la kweli, na ukweli wenyewe una sehemu itakayokufariji na sehemu itakayokuuma.

Je, Doa aliumia? Ndiyo, lakini siyo pale mnapodhani.

Kilichomkaa mtoto machoni ni ile miguu. Watu wakiona mnyama aliyechinjwa anarusha mateke, huamini bado anapambana na maumivu, na kwamba kadiri anavyorusha ndivyo anavyoteseka. Mwili haufanyi kazi hivyo. Shingoni, kandokando ya koromeo, hupita mishipa miwili minene inayopeleka damu kichwani. Ikikatwa yote miwili kwa pamoja, ubongo wa mbuzi hukosa damu karibu papo hapo na fahamu hupotea ndani ya sekunde chache, kwa kawaida hazifiki 20. (Kwa ng'ombe huweza kuchukua muda zaidi, kwa sababu kuna mishipa mingine inayopita ndani ya mifupa ya shingo, kisu hakiifikii, na bado inaupelekea ubongo damu.) Fahamu ikishapotea, ndani ya mwili ule hakuna tena wa kusikia maumivu. Lakini uti wa mgongo bado uko hai, na wenyewe unajua kupiga hatua na kurusha teke bila kuuliza kichwa. Ubongo mzima huuzuia. Ukizimika, uti unajiachia. Ndiyo maana kuku aliyekatwa kichwa hukimbia uani.

Machinjioni tulikuwa na njia ya kuhakikisha. Nachuchumaa kichwani kwa mnyama, naligusa jicho lake kwa ncha ya kidole, taratibu, pale pa mbele panapong'aa. Mwenye fahamu atapepesa, hata awe amechoka vipi. Aliyekwisha kwenda hapepesi. Jicho linabaki wazi, limetulia, huku miguu ya nyuma inapiga sakafu kwa nguvu ya kutisha. Mara ya kwanza nilirudisha mkono haraka, sikuamini kwamba vitu hivyo viwili viko kwenye mnyama mmoja. Pia nilikuwa natazama mbavu. Zikipanda na kushuka kwa mpangilio, bado yupo. Zikisimama, au ukaja mkoromo wa mara mojamoja, hayupo. Kwa hiyo dakika ile ndefu ambayo mwanao anaiona kila akifumba macho, sehemu yake kubwa Doa hakuwepo. Mwambie hivyo. Mwambie daktari amesema, kwa kuwa ni kweli.

Sasa sehemu inayouma. Kisu kilirudia mara tatu au nne. Aliyewahi kujikata kwa wembe anajua kwamba unaona damu kwanza, maumivu yanafuata nyuma. Aliyewahi kuchanwa na bati anajua habari nyingine kabisa. Ngozi ya shingo imejaa ncha za mishipa ya fahamu, na kisu butu hakikati, kinavuta na kuchana. Baya zaidi, pigo la kwanza likikosa mishipa mikubwa, au likapata mmoja tu, zile sekunde chache nilizosema hazijaanza kuhesabiwa. Kwa maelezo yako, naamini Doa alikuwa na fahamu zake kwa mapigo mawili matatu ya mwanzo, na yalimuuma sana. Wala sitakudanganya kwamba kisu kikali hufuta maumivu yote: mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massey, New Zealand, walichapisha vipimo vya ubongo wa ndama vilivyoonyesha kuwa mkato wa shingo wenyewe huleta dalili za maumivu kabla fahamu haijaondoka. Kisu kikali na mkono uliozoea hufupisha maumivu hayo mpaka sekunde. Tofauti hiyo kwa mnyama si ndogo.

Kuna na hofu, ambayo mara nyingi humpata mnyama kabla ya kisu. Sijaona ushahidi kwamba mbuzi anaelewa kuwa atakufa. Anachokielewa ni kutengwa na wenzake, harufu ya damu, kukokotwa, kubanwa chini na watu asiowajua. Wale wanaosema mbuzi hana akili hawajafuga. Mwaka 2018 watafiti nchini Uingereza waliwawekea mbuzi picha za nyuso za watu, moja inacheka na nyingine imekunjamana, na mbuzi wakawa wanaelekea zaidi kwenye ile inayocheka. Doa alimjua mwanao. Alimfuata kwa kuwa kamba ilikuwa mkononi mwa aliyemnywesha maziwa.

Mama, hapo nadhani ndipo palipo na jeraha. Kamba iliyo chini ya godoro inaniambia kwamba mtoto anajiona yeye ndiye aliyemtoa rafiki yake. Mnaweza kumwambia mambo mawili, na yote ni ya kweli. La kwanza, uamuzi haukuwa wake. Watu wazima walijua, yeye hakuambiwa, na hilo lilikuwa kosa letu wakubwa. La pili, mbuzi anayekokotwa na mgeni huanza kuogopa toka bandani, hujikita miguu, hulia njia nzima. Doa alitembea. Mpaka alipofika uani hakuwa na hofu, na utulivu huo aliupata kwa mtoto huyu. Hayo si maneno ya kumtuliza tu. Nimeona wanyama wengi waliokufa baada ya saa nzima ya hofu, na Doa hakuwa mmoja wao.

Nije kwenye swali la pili, ambalo ni zito. Nitaligawa, kwa sababu "tulikosea kumchinja vile" ni jambo moja na "tulikosea kumchinja" ni jambo jingine.

Kumchinja vile mlikosea. Nalisema bila kumkosea adabu mzee, ambaye bila shaka alifanya kama alivyoona wazee wake wakifanya. Dini aliyokuwa akiitekeleza asubuhi ile ndiyo inayodai zaidi. Katika hadithi iliyopokelewa na Muslim, Mtume anaagiza kwamba mnapochinja mchinje vizuri, mtu anoe kisu chake na ampe raha mnyama wake. Zipo pia riwaya zinazokemea kukinoa kisu mbele ya macho ya mnyama. Serikali nayo imesema kwa namna yake: Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama. Kisu butu hakina utetezi, si msikitini wala mahakamani.

Na kumchinja kwenyewe? Kwanza tuondoe majibu yasiyosaidia. Mume wako anayesema simba anakula swala mwambie, kwa heshima zote, kwamba simba hana dengu wala maharage, mwili wake umeumbwa kuishi kwa nyama, na hakuna anayemuuliza. Sisi tuna chaguo, na tumeulizwa na mtoto wa darasa la tatu. Wengine husema mboga nazo zina uhai. Ni kweli, lakini mchicha hauna ubongo wala mishipa ya fahamu, hakuna maumivu ninayoweza kuyapima kwenye jani. Wengine husema wanyama wameumbwa kwa ajili yetu. Kwa Mwislamu ruhusa ya kula nyama ipo, sibishani nayo. Ila Kurani hiyohiyo, katika Sura ya Sita, Al-An'am, inasema wanyama na ndege ni umma kama ninyi. Ruhusa imekuja na mipaka yake.

Wapo watu wenye akili na imani wanaosema ruhusa au la, kumuua kiumbe anayesikia maumivu na anayetaka kuishi, wakati una chakula kingine, si haki. Hawako mbali. Mjini Tanga, Dar es Salaam na Mombasa kuna familia za Kihindu na Kijaini ambazo vizazi na vizazi havijaonja nyama, na wanazeeka kama sisi. Wasabato wengi nao wameiacha. Hoja yao nimeigeuza miaka mingi na sijapata namna ya kuivunja. Mbuzi aliyetunzwa vizuri anaweza kufika miaka 12, hata 15. Tulipomchinja Doa, hata kama kisu kingekuwa kama wembe na asihisi lolote, tulimnyang'anya hiyo miaka. Ni hasara yake ya kweli, na hasara ya kweli inadai sababu ya kweli.

Sababu za kweli pia zipo. Nimefanya kazi Longido, mahali ambapo mwaka mbaya mahindi hayatoki kabisa, lakini mbuzi anakula majani ya migunga na kuyageuza maziwa na nyama. Kumwambia mama wa kule aache mifugo ni kumwambia aache kulisha watoto. Mtoto wa mwaka mmoja anayekula uji mtupu kutwa, kipande cha ini au yai kinaweza kubadilisha afya yake. Na kwa muumini, mnyama wa Idd ambaye nyama yake inamfikia jirani ambaye hajala nyama tangu Idd iliyopita ana sababu nzito. Sahani ya tatu ya nyama choma kwa mazoea tu, hiyo naiona haina uzito wa uhai ulioondolewa. Mimi mwenyewe nakula nyama. Nakula mara chache kuliko nilivyokuwa kijana, na huwa nauliza imetoka wapi.

Kuuliza huko kunanileta kwenye jambo ambalo watu huligeuza juu chini. Baadhi ya familia, baada ya tukio kama lenu, huamua: tusichinje nyumbani tena, tutanunua tu bucha, mtoto asione. Nawaelewa. Lakini mnyama wa bucha hakuepuka chochote kwa kuwa hamkumwona. Ng'ombe wengi wanaoliwa Dar es Salaam wametoka Shinyanga, Mwanza, Singida, mamia ya kilomita ndani ya lori mpaka mnada wa Pugu, wamesimama, wamebanana, wengine bila maji. Usiku mmoja aliteremshwa dume jekundu ambaye mguu wa mbele ulikuwa umevunjika njiani. Hakulia. Alisimama kwa mitatu, anatetemeka ngozi ya bega, ananitazama. Nilipokagua nyama yake saa chache baadaye ilikuwa nyeusi, kavu, inanata kwenye vidole. Ndivyo inavyokuwa: mnyama aliyetulia ana akiba ya sukari kwenye misuli, akishakufa inageuka asidi, nyama inakuwa nyekundu na inakaa. Aliyehangaika safarini ameshaichoma akiba yote, asidi haipatikani, nyama inabaki nyeusi na kuoza mapema. Ukinunua nyama ya namna hiyo, unaishika safari yake mkononi.

Na kuku wa kisasa wa nyama je? Anachinjwa akiwa na wiki tano au sita, amefanywa kukua haraka kiasi kwamba miguu ya baadhi yao hushindwa kubeba mwili. Vifaranga madume wa kuku wa mayai, popote wanapototolewa kwa wingi, kwa kawaida huuawa siku ileile ya kuzaliwa kwa kuwa hawatagi. Ujerumani ililipiga marufuku hilo mwaka 2022. Nikimlinganisha Doa na hao, aliishi miaka miwili juani, na mtoto wa kumnywesha, na jina. Ukiniuliza wapi pameharibika zaidi katika ulaji wetu wa nyama, sitanyooshea kidole uani kwenu. Alichokosa Doa ni robo saa ya mwisho. Wenzake wengi wanakosa maisha yote.

Kwa hiyo mtoto akikuuliza tena, usimwambie "ndivyo ilivyo". Ningekuwa mimi ningemwambia: "Tulimlisha kwa sababu tulimpenda, na tulimchinja kwa ajili ya Idd na watu waliokula. Vyote ni kweli, na vinaumiza vikikaa pamoja. Hatukumchinja vizuri kama ilivyotakiwa, na tunajuta. Wapo watu wazuri wanaokula nyama na wapo watu wazuri wasiokula. Wewe ukikua utaamua." Halafu nyamaza, umwachie aseme yeye. Atakuja kuuliza na kuhusu samaki, maana nao wanasikia maumivu. Usishangae, na usimcheke.

Kuhusu afya, ondoa hofu. Mtoto wa miaka tisa anayekula mayai, maziwa, samaki na maharage hadhoofiki kwa kukosa nyama. Vitamini B12, ambayo haipatikani kwenye mimea ya kawaida, anaipata kwenye hivyo vitatu vya mwanzo. Madini ya chuma yako kwenye maharage, kunde, choroko, mbaazi na dagaa. Mkamulie ndimu au mpe chungwa na chakula ili yafyonzwe vizuri, na chai isogee mbali na mlo kwa saa moja au mbili. Akija kuacha na samaki, mayai na maziwa, hapo ndipo mwende kwa mtaalamu wa lishe kabla hajakaa hivyo muda mrefu. Mpikie maharage yake bila mifupa, na usimdanganye. Mara moja tu akigundua supu imefichwa, ataacha kuiamini mikono yako.

Kumshikisha miguu ya mbuzi ili azoee: nakuomba mama, hilo lisifanyike. Baba yake akitaka, nitaongea naye mwenyewe kwa simu. Nimefanya kazi na vijana walioingizwa kwenye uchinjaji kwa nguvu wakiwa wadogo. Baadhi walizoea kweli, kwa maana kwamba waliacha kuona. Mchinjaji aliyeacha kuona ndiye anayenoa kisu mara moja kwa wiki na kuchuna ngozi kabla jicho halijatulia. Wachinjaji bora niliowahi kufanya nao kazi walikuwa watu wapole, na mmoja alikuwa na desturi ya kuweka kiganja kwenye paji la uso la mnyama mpaka pumzi itulie ndipo aguse kisu.

Idd hii mna njia kadhaa. Mnaweza kuingia kwenye ng'ombe wa watu saba, uchinjaji ukafanyika kwingine na nyumbani ikaja sehemu yenu. Mnaweza kumtoa huyo mbuzi aliyetengwa akachinjwe kwa mchinjaji mzoefu na nyama ikagawiwa huko huko kwa wahitaji. Kama mwaka huu hali au moyo hauruhusu, muulizeni sheikh wenu hukumu yake; msiamue kwa aibu ya majirani. Na kama lazima iwe uani kwenu, basi mtoto aambiwe siku nyingi kabla, awe na ruhusa ya kwenda kwa shangazi siku hiyo bila kuitwa mwoga. Kisu kirefu, kinolewe usiku wa kuamkia, kijaribiwe kwenye karatasi. Kama hakipiti kwa uzito wake, kirudi kwenye kinoo. Mbuzi aletwe na anayemjua, asiwaone wenzake wakichinjwa, alazwe taratibu, mkato uwe mmoja bila kunyanyua. Asiguswe mpaka jicho lisipepese. Mwiteni afisa mifugo wa kata aje akague nyama, na mumwombe afike kabla ya kisu, siyo baada. Mikono ya mzee ikiwa imechoka, kijana anayejua kazi achinje na mzee awe upande wa kibla akisoma dua. Hatavunjiwa heshima.

Sasa nisikilize hapa. Mtoto akiwa anaamka usiku akipiga kelele, ameanza kukojoa kitandani tena, anakataa shule, anajitenga na wenzake, au anakataa chakula hata kisicho nyama na mwili unapungua, usisubiri jibu langu lingine. Mpeleke hospitali ya wilaya, ueleze yote kama ulivyonieleza mimi, uombe kuonana na anayeshughulika na afya ya akili ya watoto. Viganja na sehemu ya ndani ya kope za chini vikiwa vyeupe, au anachoka kwa kutembea kidogo, akapimwe damu wiki hiyohiyo.

Ile kamba iache ilipo. Siku ya kutandika, iinue, tandika shuka, uirudishe palepale.